Maggy wa Ruyigi na shamba la mtoni

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka, tarehe 8 Machi



Komite iliniomba niseme leo juu ya mwanamke mmoja aliyepigania amani na haki maisha yake yote. Pale mlangoni mama mmoja alinikamata mkono, akaniambia: "Mwanangu, usitubebee tena Beijing." Sawa mama, Beijing tunaiacha. Nitasema juu ya jirani.

Ukitoka hapa ukafuata ziwa mpaka Uvira, ukavuka mpaka, ukapita Bujumbura, ukapanda milima na kuendelea mashariki mpaka karibu na Tanzania, utafika Ruyigi. Sisi tuliokuwa Nyarugusu jina hilo si geni kwetu. Kambi ya Mtabila ilikuwa jirani, ilijaa Warundi, na wengine wao walikuwa watu wa Ruyigi. Tuligombana nao juu ya kuni, tukauziana unga, watoto wakacheza mpira pamoja. Basi huyu mama ni wa kwao.

Jina lake ni Marguerite Barankitse. Watu wanamwita Maggy. Ni Mtutsi, na alikua katika nchi ambamo mwaka 1972 Wahutu wengi sana waliuawa; wazee waliokuwa hapa Fizi wakati ule wanakumbuka Warundi waliokimbilia kwetu. Maggy akawa mwalimu. Aliona wanafunzi Wahutu wanavyoonewa, akasema wazi, na kazi yake ya ualimu ikaishia hapo. Kisha akapata kazi kwenye ofisi ya askofu wa Ruyigi. Hakuolewa. Lakini kufika mwaka 1993 alikuwa tayari na watoto saba aliowachukua kuwa wake: wanne Wahutu, watatu Watutsi. Naomba muishike hiyo hesabu. Wakati vita haijaanza, wakati hakuna mzungu wala kamera, huyu mama alikuwa tayari anapika sufuria moja kwa watoto wa makabila mawili.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa na wananchi wa Burundi, aliuawa na wanajeshi. Nchi ikawaka. Wahutu wakaua majirani wao Watutsi, na katika hao walikuwemo watu wengi wa ukoo wa Maggy. Watutsi na jeshi wakaanza kulipiza. Maggy akaficha watu kwa askofu: Wahutu, watu wazima na watoto. Jumapili tarehe 24 Oktoba wakaja Watutsi wenye silaha. Hawakuwa wageni, aliwajua. Alijaribu kuwazuia, alijaribu kuongea nao kama ndugu. Wakamvua nguo, wakamfunga kwenye kiti, wakamlazimisha atazame. Watu 72 waliuawa mbele ya macho yake. Yeye waliacha kumuua kwa sababu ni Mtutsi mwenzao.

Sitaongeza kitu pale. Sisi wa Fizi hatuhitaji kuelezwa. Makobola iko njiani, na kila mara gari likipita pale watu wanapunguza sauti.

Lakini angalieni alichofanya siku ileile. Alitoa pesa akanunua uhai wa watoto, na watoto 25 wakatoka hai. Usiku akawapeleka kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa anafanya kazi ya misaada pale mjini. Kesho yake alikuwa mwanamke asiye na nyumba, mwenye watoto 25 pamoja na wale saba wake, na kati ya watoto hao kuna ambao wazazi wao waliuawa na Wahutu, na wengine ambao wazazi wao waliuawa na Watutsi. Wakaendelea kuja. Walifika makumi, halafu mamia, na kadiri miaka ya vita ilivyopita wakawa maelfu. Askofu akatoa majengo ya shule, na hapo njo ilianza ile kazi inayoitwa Maison Shalom, Nyumba ya Amani. Watutsi wenzake wengi walimwona msaliti. Wengine walisema tu kwamba ni kichaa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimchague huyu mama na nisichague mwingine.

Mwanzoni Maggy alikuwa na kitu tunachokijua wote: majengo, vitanda, watoto wengi pamoja, na msaada kutoka nje. Katika vita hakuna namna nyingine. Mtoto kwanza aishi. Lakini hakubaki pale. Alianza kujenga nyumba ndogondogo, watoto wachache katika kila nyumba, wanaishi kama ndugu, mkubwa anawaangalia wadogo. Alitafuta jamaa za watoto milimani. Alitaka wale ambao wazazi wao waliacha ardhi warudi kwenye ardhi ile, kati ya watu waliowajua baba na mama yao. Na watu waliowajua baba na mama yao, katika Burundi ya wakati ule, munaelewa maana yake: wengine wao njo walioshika panga.

Hiyo njo kazi ya amani, wapendwa. Semina zina faida yake, na mimi mwenyewe nimeendesha nyingi, na posho nimekula. Lakini kumpeleka mtoto wa miaka 15 kwenye shamba la baba yake, kumjengea vyumba viwili, kumwita jirani ambaye pengine amekula mavuno ya shamba hilo miaka kumi, kukaa naye kwenye kibaraza mpaka akubali kupunguza mpaka wake, halafu kurudi mwezi ujao na mwezi unaofuata kuona kama bado amekubali: ile haipigwi picha nzuri. Inachosha. Na haina mwisho.

Alifanya na mengine. Ruyigi alijenga sinema na bwawa la kuogelea. Mara ya kwanza niliposoma juu ya bwawa nilicheka peke yangu. Watu hawana maji ya kunywa, wewe unachimba bwawa la kuogelea? Baadaye nilifikiri. Msaada wetu sisi watu wa mashirika siku zote unamwambia yatima: wewe ni mtu wa shitingi, wa sufuria mbili na jembe moja. Maggy aliwaambia watoto wale kwamba wao ni watoto tu, na watoto wanapenda kuogelea. Mwaka 2008 ukafunguliwa hospitali, REMA, pale pale Ruyigi, kwa ajili ya kina mama na watoto zaidi. Watoto wa kwanza walikuwa wamekuwa watu wazima, wengine wamesoma, wengine wanafanya kazi katika nyumba ileile iliyowalea.

Mwaka 2005 HCR ilimpa tuzo ya Nansen, ambayo hupewa watu waliowatumikia wakimbizi. Kumbukeni mwaka huo. Warundi walikuwa wanarudi kutoka Tanzania kwa malori, na sisi tulianza kurudi kwa boti kutoka Kigoma, tunateremka hapa hapa Baraka, kila mmoja na kifurushi chake. Walirudi wakakuta mashamba yanalimwa na wengine. Na sisi tulikuta hivyohivyo.

Basi niruhusuni nitoke Ruyigi nije kwetu.

Munawajua wale watoto wanne. Sitataja majina, kwa sababu jarida linasomwa mbali. Mkubwa ni msichana, ana miaka 17. Baba yao alikuwa mtu wetu wa hapa, mama yao alikuwa wa kabila lile ambalo katika mkutano tunalizunguka tu, hatulitaji. Wote wawili walifariki kambini. Watoto walirudi mwaka jana. Kuna shamba la baba yao kule mtoni, lenye michikichi, na analilima baba mdogo. Baba mdogo anasema: "Hawa ni watoto ya mama yao, baende kwa bajomba." Na katika komite yetu, nasema bila kumficha mtu, tulianza kuona njia nyepesi: kuna mfadhili anataka kutujengea nyumba ya yatima yenye vitanda 30, basi hawa wanne wawe wa kwanza kuingia, na kelele itaisha.

Kelele itaisha, ndiyo. Shamba nalo litaisha. Mtoto akikaa miaka mitano kwenye nyumba ya vitanda 30, siku akitoka atakuwa na cheti cha ushonaji na hatakuwa na mahali pa kuweka cherehani. Na kijiji kitakuwa kimejifunza kwamba ukitaka shamba la yatima, subiri tu, shirika litakuja kumwondoa.

Sheria yenyewe iko upande wa watoto. Sheria ya familia ya Congo ya mwaka 1987 inasema watoto wa marehemu njo warithi wa kwanza, na wanachukua robo tatu ya urithi. Robo inayobaki njo ya wengine: mjane au mume aliyebaki, wazazi, ndugu za marehemu. Hakuna mahali sheria inauliza mama alikuwa kabila gani. Najua, ardhi ni ya leta na kijijini anayetawala ni shefu na desturi. Lakini shefu naye anajua karatasi ile ipo, na tukienda nayo mkononi mazungumzo yanabadilika.

Sasa nitasema jambo ambalo halitawapendeza wote. Baba mdogo si shetani. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza hakunipa kiti. Mara ya tatu aliongea mpaka jua likazama. Wakati sisi tulikuwa ng'ambo tunapanga mstari wa unga, yeye alibaki. Alilala porini, aliibiwa mbuzi na kila kikundi kilichopita, alizika wanawe wawili. Ile michikichi ingekuwa imeliwa na moto kama si yeye kufyeka kila mwaka. Halafu tukarudi sisi, na magari, na listi. Na hapo kuna kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilikuwa mfanyakazi wa shirika moja, na mimi njo niliyeandika listi ya vifaa katika kijiji kile. Maagizo yalisema waliorudi tu. Niliyafuata. Aliyekuwa na karatasi ya kurudi alipata shitingi, masufuria, jembe, mbegu. Aliyebaki alisimama pembeni akiangalia. Baba mdogo alikuwa mmoja wa wale waliosimama pembeni. Aliniuliza siku ile: "Sisi tulikosea nini, kubaki?" Nilimjibu kwamba mambo hayo yanaamuliwa juu. Jibu la kijinga. Wiki ileile wanawake walipigana kwenye bomba la maji, waliobaki na waliorudi, na katika ripoti yangu niliandika "uhasama wa kijamii" kama vile mvua imeleta. Mimi njo niliuleta, na kalamu ya bure ya shirika.

Kwa hiyo mara ile ya tatu nilimwomba msamaha kwanza, mbele ya mke wake. Kuanzia hapo njo alianza kuongea juu ya shamba.

Anachosema sasa ni hiki: yuko tayari kuwaachia watoto sehemu ya upande wa mto pamoja na nusu ya michikichi, kama mpaka utapandwa miti mbele ya shefu na wazee, na kama yeye atahesabiwa mavuno ya msimu huu aliyoyapalilia. Si robo tatu. Najua vijana wenye kusoma sheria watasema tunauza haki ya watoto. Msichana mwenyewe nimemweleza robo tatu ni nini, nikachora chini na fimbo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema anataka upande wa mto, na anataka baba mdogo aendelee kumsalimia. Mimi naona amefikiri kuliko sisi. Lakini ni juu ya mkutano kuamua kama chama kitamsindikiza kwa hiyo njia au kitadai sehemu yote kwenye tribinali.

Kwa marafiki munaotoa pesa nina ombi, na komite iliniruhusu kulisema. Ile pesa ya jengo la vitanda 30, tunaomba muturuhusu kuigeuza. Vyumba viwili vya matofali na bati juu, kwenye shamba la watoto wenyewe, sisi tutafyatua matofali kwa salongo. Pesa iende kwa mabati, misumari, milango, nauli ya mashahidi, na karatasi. Halafu, na hii njo ngumu kuandika kwenye ripoti, iende pia kwa kazi ya kurudi kila mwezi kukaa kibarazani. Tena tunaomba listi za kijiji ziwe za kijiji chote. Najua jengo kubwa linaonekana, lina mlango wa kubandika kibao chenye majina yenu. Nyumba ndogo nne katika vijiji vinne hazina pa kubandika. Tutawatumia barua.

Nirudi kwa Maggy, kwa sababu sijawaambia ilivyomwishia.

Mwaka 2015 Burundi iligawanyika tena, safari hii juu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Siko hapa kuhukumu siasa ya majirani. Kila mmoja wetu ana maoni yake na soko limejaa maoni. Nasema tu kwamba Maggy alisimama na vijana walioandamana, akasaidia waliojeruhiwa, akasema hadharani alichokifikiri. Akatishiwa. Ikabidi akimbie nchi. Mwaka uleule akaunti za Maison Shalom zilifungwa na serikali, pamoja na za mashirika mengine. Kazi ya miaka zaidi ya 20 ikakwama pale. Yule aliyepewa tuzo ya wakimbizi akawa mkimbizi. Wakati uleule Warundi wengine walivuka kuja huku kwetu. Wako Lusenda, wako Mulongwe, munawaona sokoni.

Alifika Rwanda. Kule kuna kambi ya Mahama, iliyojaa Warundi, na yeye alianza upya: shule kwa vijana, mafunzo ya kazi, vikundi vya akina mama. Kigali alifungua kituo cha jamii kwa wakimbizi. Mwezi wa nne 2016, huko Armenia, alipewa tuzo ya Aurora ilipotolewa mara ya kwanza. Pamoja na tuzo ile inakuja dola milioni moja, lakini mshindi hazili. Anachagua mashirika mengine ya kupewa. Mama mmoja wa komite niliyemsimulia haya aliuliza: "Na yeye analala wapi?" Swali zuri. Analala ugenini, kama tulivyolala sisi.

Nimejiuliza kama ile kazi ya Ruyigi ilipotea. Majengo yalifungwa, akaunti zilifungwa. Lakini mtoto aliyerudishwa kwenye kilima cha baba yake, akajenga, akaoa, hakuna akaunti ya kumfungia. Kama Maggy angewaacha wote katika majengo yake, siku ile ya 2015 wote wangetoka nje pamoja, na mikono mitupu. Naliangalia hilo, halafu naangalia ramani ya jengo letu la vitanda 30, na usingizi unakatika. Sisi hapa tunajua mashirika yanavyoondoka. Tumeyaona yakiondoka asubuhi moja, na funguo zikabaki kwa mlinzi.

Nimemaliza dakika zangu, Mama Mwenyekiti ananiangalia. Shefu ametupa Jumatano ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, kule mtoni. Tunahitaji wazee wawili wanaokumbuka shamba lile lilivyokuwa kabla ya 1996, lilianzia mwembe gani, liliishia wapi. Mzee uliyekaa nyuma pale, uliniambia ulipanda michikichi ile pamoja na baba yao. Tutakukodia pikipiki. Na ba mama, tunaomba watatu au wane mutusindikize, mubebe bugali na ndagala ya kutosha watu 12, kwa sababu baba mdogo na mke wake nao watakula na sisi. Wanaokuja waandikishe majina kwa sekretari kabla ya kutoka.